Hamira ya Maji: Uitie Moja kwa Moja, Uiandalie Kianzio au Uchote Mashapo?

Kimea kimesagwa, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) zimepimwa, sufuria ni safi, na pakiti ya hamira ya maji iko kwenye friji. Unaigeuza usome tarehe, unakuta ilitengenezwa wiki kumi zilizopita. Uikate na kuimimina hivyo hivyo? Uikuze kwanza kwenye maji ya kimea kidogo, siku moja au mbili kabla ya kupika? Au uiache na uchote mashapo yaliyobaki chini ya ndoo ya bia iliyopita? Kila njia ina watu wake, na kila mmoja wao ana bia nzuri ya kukuonjesha.

Nimetumia njia zote nne nitakazozieleza hapa, kwa bia nyepesi na nzito, na msimamo wangu ni kwamba swali la njia huja mwisho. La kwanza ni tarehe ya pakiti, la pili ni uzito wa bia unayotaka kupika, yaani wingi wa sukari kwenye maji yake ya kimea kabla ya kuchachuka. Ukishayajua hayo mawili, sehemu kubwa ya uamuzi imekwisha.

Neno kidogo juu ya hamira yenyewe. Hamira kavu hukaushwa ikiwa imeshiba akiba ya mafuta, ndiyo maana huvumilia kukaa miezi mingi. Hamira ya maji ni seli hai zilizotulia kwenye kimiminika baridi, na kila siku inayopita zinakula akiba yao kidogo kidogo. Watu wanaivumilia tabia hiyo kwa sababu ya wingi wa aina zake: ile inayoipa bia ya ngano harufu ya ndizi na karafuu, ile ya bia za mashambani za Ubelgiji zenye ukali wa pilipili, ile ya laga zinazochachuka kwenye nyuzi 10 za Selsiasi. Nyingi kati ya hizo huzipati zikiwa kavu.

Tunapima kwa vigezo gani

Kigezo cha kwanza ni idadi ya seli. Kanuni inayotumika sana husema bia za eli, zinazochachuka kwenye joto kuliko laga, zinahitaji seli milioni 0.75 kwa kila mililita, kwa kila digrii moja ya Plato. Laga zinahitaji mara mbili yake, milioni 1.5. Plato ni asilimia ya sukari iliyoyeyuka kwenye maji ya kimea, na ukiwa na haidromita ya kawaida, kile kifaa kinachoelea cha kupimia uzito, unaipata kwa makadirio mepesi: chukua tarakimu baada ya nukta, ugawe kwa 4. Uzito wa 1.048 ni kama Plato 12. Basi lita 20 za eli ya uzito huo zinataka seli bilioni 180, na laga ya uzito huo huo inataka bilioni 360.

Sasa tazama pakiti. Nyingi zinazouzwa kwa wapishi wa nyumbani hutoka zikiwa na seli bilioni 100 hivi. Zipo zenye zaidi, kwa hiyo soma maandishi ya mtengenezaji. Kwa makadirio ya zamani, pakiti iliyo kwenye friji hupoteza kama sehemu moja ya tano ya seli zake kila mwezi. Ile ya wiki kumi imebaki na bilioni 60 hivi. Makadirio haya ni ya tahadhari, na pakiti iliyotunzwa vizuri inaweza kuwa na hali bora kuliko hapo, lakini ni afadhali ukosee upande huo.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Watengenezaji wengine huandika kwamba pakiti moja mpya inatosha ndoo nzima ya eli hadi uzito wa 1.060, ilhali hesabu ya juu inasema haitoshi. Hakuna anayedanganya. Ile kanuni ilikomaa kwenye viwanda vya bia, ambako hamira hutumika tena na tena na kuchoka. Hamira mpya kutoka maabara, ikiwa na akiba kamili, huweza kufanya kazi hiyo ikiwa na idadi ndogo. Neno la kushika hapo ni "mpya".

Kigezo cha pili ni afya ya seli, na mimi nakiweka sawa na idadi, wakati mwingine juu yake. Seli ya hamira huzaa kwa kuchipua, na kila mara mama humgawia mwana sehemu ya mafuta ya utando wake. Utando ukiwa mwembamba, seli hushindwa kustahimili pombe inayoongezeka, hulegea kabla ya sukari kwisha na kuacha dayasetili, ile ladha ya siagi. Mafuta hayo hutengenezwa kwa oksijeni. Ndiyo sababu seli chache zenye afya zinaweza kukupa bia safi kuliko seli nyingi zilizodhoofika.

Cha tatu ni usafi. Bakteria akipata joto na sukari anaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa au chini ya hapo. Hamira inahitaji saa moja na nusu au zaidi. Kila unapofungua chombo unawapa bakteria nafasi ya kuanza mbio wakiwa mbele. Cha nne ni muda na vifaa. Cha tano ni ladha: hamira ikiwa pungufu mno, mara nyingi bia hutoa esta nyingi zenye harufu ya matunda na pombe kali zinazochoma koo, ikizidi mno, bia hupoa ladha, na bia zinazotegemea hamira, kama za ngano, hupoteza uso wake.

Mambo yasiyobadilika kwa njia yoyote

Hifadhi hamira ya maji kwenye friji, nyuzi 1 hadi 4, mbali na sehemu ya kugandishia. Barafu hupasua seli. Itoe saa kadhaa kabla ya kazi ili ipate joto taratibu, na hakikisha tofauti kati yake na maji ya kimea haizidi nyuzi 8 hivi. Futa pakiti na mkasi kwa dawa ya kutakasia kabla ya kukata. Watu husugua ndoo vizuri kisha wakasahau mkasi. Na maji ya kimea yakishapoa, yape hewa: kuyatikisa kwa nguvu dakika kadhaa kunaweza kukaribia oksijeni miligramu 8 kwa lita, kiasi kinachoitosha bia ya kawaida. Bia nzito hushika oksijeni kidogo huku hamira yake ikihitaji nyingi zaidi, na huko mtungi wa oksijeni una faida ya kweli.

Njia ya kwanza: kutoka pakiti hadi ndooni

*Idadi.* Unapata kilichomo, hakuna nyongeza. Pakiti ya wiki mbili kwa lita 20 za eli ya 1.045 itafanya kazi vizuri. Pakiti ya miezi mitatu kwa bia hiyo hiyo itachelewa kuanza, pengine siku moja na nusu au mbili, na muda wote huo maji matamu yako wazi kwa kila kijidudu. Ukitaka idadi kubwa, tia pakiti mbili au tatu.

*Afya.* Inategemea tarehe na safari. Pakiti iliyokaa siku mbili kwenye gari lenye joto ina umri mkubwa kuliko tarehe yake. Zipo pakiti zenye kifuko cha virutubisho ndani, kama zile za kampuni ya Wyeast: unakipasua kwa kiganja, na baada ya saa tatu au zaidi pakiti inafura kwa gesi. Kufura huko kunakuonyesha kwamba seli zimeamka; idadi haijaongezeka kwa maana yoyote. Nimeona watu wakifurahia pakiti iliyovimba kama mto wakidhani sasa wana hamira ya kutosha laga. La hasha.

*Usafi.* Hakuna njia iliyo salama kuliko hii. Hamira inatoka kwenye maabara hadi kwenye bia yako kwa mguso mmoja tu wa mkasi.

*Muda na vifaa.* Karibu hakuna.

*Ladha.* Ikiwa mpya, utapata kile mtengenezaji alichokusudia. Ikiwa nzee, ladha itabadilika kutoka ndoo moja hadi nyingine na hutajua sababu.

*Inamfaa* anayetumia hamira ya maji kwa mara ya kwanza, anayepika eli nyepesi au ya kati, anayepata pakiti zenye umri chini ya mwezi, na yeyote asiyetaka kazi ya ziada na yuko radhi kununua pakiti ya pili.

Njia ya pili: kianzio kikubwa, kilichotulizwa kwa baridi

Kianzio ni bia ndogo isiyo na hopsi, inayopikwa kwa ajili ya hamira tu. Unapima gramu 100 za dondoo kavu ya kimea, ule unga unaoyeyuka wote majini, si kimea kilichosagwa, na kuongeza maji hadi lita 1. Unapata uzito wa karibu 1.037. Usizidishe ukidhani unaishibisha hamira: kazi ya kianzio ni kuzaa seli, na maji mazito yenye pombe nyingi huzichosha kabla ya siku ya kazi. Chemsha dakika 10 hadi 15 ukiongeza chembe ya virutubisho vya hamira kama unavyo, poza hadi nyuzi 20 au kidogo zaidi, tia hamira, funika mdomo kwa karatasi ya foili iliyotakaswa ili hewa ipite na vumbi lisiingie.

Onyo la chombo: chupa ya maabara ya kioo kinachostahimili joto unaweza kuipoza kwenye maji baridi mara baada ya kuchemsha. Mtungi wa kioo cha kawaida ukiufanyia hivyo utapasuka mikononi mwako. Kama huna chupa ya maabara, chemshia kwenye sufuria, poza humo humo, kisha mimina kwenye chombo kilichotakaswa.

*Idadi.* Hapa ndipo njia hii inapopata heshima yake. Lita 2 zinaweza kuikuza pakiti ya bilioni 100 hadi takriban maradufu, na zaidi ukiwa na kikorogeo cha sumaku kinachozunguka usiku kucha. Kwa laga au bia nzito, unakuza kwa hatua mbili: unamaliza kianzio cha kwanza, unamwaga maji ya juu, unaweka mengine mapya juu ya hamira ile ile. Na ukikuza zaidi ya unachohitaji, unaweza kuchota mililita 200 ukazihifadhi kwenye friji kwa ajili ya kianzio cha mara ijayo. Kwa njia hiyo pakiti moja huenda ndoo kadhaa bila kamwe kuguswa na hopsi wala takataka za bia kamili.

*Afya.* Nzuri sana, kwa sharti kwamba hewa iliingia. Kianzio kilichofungwa kwa kifuniko kisichopitisha hewa kinazaa seli chache zenye utando dhaifu. Kisipokuwa na kikorogeo, kitikise kila unapopita karibu nacho. Faida nyingine huonekana kwa pakiti ya mashaka: kianzio ni kipimo. Kikitoa povu na mashapo meupe, hamira iko hai. Kisipofanya lolote kwa siku mbili, umepoteza gramu 200 za dondoo, hukupoteza ndoo ya bia.

*Usafi.* Hapa lazima niwe mkweli: kuna miguso mingi. Kumimina, kupoza, kufungua, kutuliza, kumwaga. Kinga yako ni pua na ulimi. Baada ya saa 24 hadi 36 unaweka kianzio kwenye friji kwa siku moja, hamira inashuka chini kama uji mweupe, na juu yake yanabaki maji ya kahawia. Onja hayo maji. Yanapaswa kuwa kama bia hafifu isiyo na uchungu. Yakiwa na ukali wa siki au harufu ya chooni, mwaga kila kitu bila huruma.

Na tafadhali, jambo la usalama wa mwili: usitengeneze maji ya kimea mengi ukayafunga kwenye chupa na kuyaacha kwenye joto la chumba ili uwe na akiba. Asidi yake haitoshi kuzuia bakteria wa sumu ya botulini, na mbegu zao hazifi kwa kuchemsha kwa kawaida. Tengeneza unachotumia, au gandisha kinachobaki, au tumia sufuria ya presha inayofaa kuhifadhia vyakula.

*Muda na vifaa.* Siku mbili hadi tatu kabla ya kupika, na zaidi ukienda hatua mbili. Unahitaji mizani, chombo chenye nafasi ya povu na sehemu kwenye friji. Kikorogeo ni msaada mkubwa lakini si lazima.

*Ladha.* Kwa kuwa unamwaga maji ya juu na kubakiza kiasi kidogo tu cha kukorogea mashapo, yale maji yaliyopigwa na hewa hayaingii kwenye bia. Kwa laga nyeupe, ambayo haina pa kujificha, hili lina uzito. Upungufu wake ni mmoja: aina za hamira zisizopenda kushuka huondoka na maji unayomwaga. Hizo zipe siku mbili au tatu za baridi.

*Inamfaa* anayepika laga, anayepika bia za zaidi ya 1.060, mwenye pakiti nzee au iliyopigwa na joto, na mtu anayepanga siku zake mapema.

Njia ya tatu: kianzio kichanga, kinachotiwa chote

Hii ni ndugu wa njia ya pili. Unaandaa lita 1 ya maji ya kimea yale yale, unayatia kwenye chombo cha lita 4 au 5, unafunga na kutikisa kwa nguvu mpaka chombo chote kijae povu, kisha unatia hamira na kulegeza kifuniko. Baada ya saa 12 hadi 18, povu likiwa limesimama juu kabisa, unamimina kila kitu kwenye bia.

*Idadi* huongezeka, ila kwa kiasi kidogo kuliko kianzio kikubwa. *Afya* ndiyo hoja yake: seli zinaingia zikiwa zinafanya kazi, hazijalala wala kupigwa na baridi, na bia huanza kutoa mapovu mapema, mara nyingi ndani ya saa chache. Povu lile la mwanzo ndilo lililozipa oksijeni. *Usafi* una hatari ya wastani. Miguso ni michache, lakini unatia kitu ambacho hukukituliza ukakionja vizuri. Bado, chota kijiko kimoja ukionje. *Muda* ni usiku mmoja, na chombo kikubwa ndicho kifaa pekee.

Kwenye *ladha*, lita 1 ndani ya 20 ni sehemu moja ya ishirini. Bia nyeusi, bia ya ngano au yenye hopsi nyingi haitaonyesha kitu. Kwenye laga nyepesi mimi nasita, na kwa laga lita 1 haitoshi pia kwa idadi.

*Inamfaa* mpishi wa eli za 1.040 hadi 1.060 mwenye pakiti ya mwezi mmoja au miwili, aliyeamua jana jioni kwamba kesho anapika.

Njia ya nne: mashapo ya bia iliyopita

Hii ndiyo njia ya kale kuliko zote. Wapishi wa bia walihamisha mashapo na povu kutoka pipa hadi pipa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kujua hamira ni kiumbe hai. Walihamisha pia wageni wasiotakiwa. Mwaka 1883, kwenye maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kutenga hamira ya aina moja kutoka seli moja, akaonyesha kwamba hamira pori zilizochanganyika ndizo zilizoharibu bia. Pakiti unayonunua leo ni mtoto wa kazi hiyo. Ukichukua njia ya mashapo, jukumu la Hansen limekurudia wewe.

*Idadi.* Nyingi mno. Mashapo mazito yana seli bilioni 1 hadi 2 kwa mililita, kutegemea takataka zilizomo. Kwa eli ya lita 20 unahitaji mililita 150 hadi 200 tu ya mashapo mapya. Kumwaga bia mpya juu ya mashapo yote yaliyobaki ndooni ni jambo linalovutia kwa urahisi wake, lakini unatia hamira mara kadhaa zaidi ya inayotakiwa, pamoja na seli zilizokufa na makapi ya hopsi. Chota, usimwagie.

*Afya.* Ikichotwa kwenye bia nyepesi, ndani ya wiki moja, ni hamira iliyo tayari kwa kazi kuliko pakiti yoyote. Ikichotwa kwenye bia ya zaidi ya 1.060 imechoka kwa pombe, iache. Chukua tabaka la katikati lenye rangi ya maziwa na uache la chini lenye weusi na makapi. Hifadhi chini ya bia yake yenyewe, kwenye chombo kilichotakaswa. Wengi huosha kwa maji yaliyochemshwa. Mimi nimeacha, kwa sababu asidi na pombe ya ile bia ndivyo vinavyowazuia bakteria, na maji huviondoa. Kifuniko kilegezwe. Hamira huendelea kutoa gesi hata kwenye baridi, na chupa iliyokazwa inaweza kulipuka. Baada ya wiki mbili idadi ya seli hai imeanza kushuka. Baada ya mwezi, ikuzie kianzio kwanza.

*Usafi.* Hapa ndipo hatari ni kubwa kuliko kote, kwani uchafu hujilimbikiza kizazi baada ya kizazi. Nusa kabla ya kutumia. Harufu ya mkate, matunda au bia ni salama. Salfa kidogo kwenye hamira ya laga ni kawaida. Harufu ya nyama, mchuzi wa soya au mpira ulioungua ni ya seli zilizokufa na kujiyeyusha. Vizazi 5 vinatosha kwa mpishi wa nyumbani asiye na darubini; mwenye darubini na rangi ya methilini ya bluu, ambayo hupaka seli zilizokufa, anaweza kwenda mbali zaidi kwa sababu anaona anachotia.

Kuna aina moja ya kuangalia kwa macho mawili: zile za jamii ya diastaticus, zinazopatikana sana kwenye bia za mashambani za Ubelgiji. Hizi huvunja hata sukari ndefu ambazo hamira ya kawaida huziacha. Zikibaki kidogo kwenye bomba au ndoo na kuingia bia nyingine, bia hiyo itaendelea kuchachuka ndani ya chupa wiki kwa wiki mpaka chupa zipasuke. Zitengee vyombo vyake.

*Muda na vifaa.* Dakika kumi za kuchota, lakini ratiba ndiyo kamba inayokufunga: lazima bia mbili zifuatane.

*Ladha.* Kizazi cha pili na cha tatu mara nyingi ndivyo vitamu zaidi, kwa kuwa hamira imeizoea kazi. Fuata ngazi: kutoka bia nyeupe kwenda nyeusi, kutoka isiyo chungu kwenda chungu, kutoka nyepesi kwenda nzito. Kurudi nyuma kunabeba rangi na uchungu.

*Inamfaa* anayepika kila wiki mbili au tatu, anayependa aina moja ya hamira, na aliye mkali kwenye usafi.

Kulingana na hali yako

Una pakiti isiyozidi mwezi na eli ya chini ya 1.050: tia moja kwa moja, peleka nguvu zako kwenye hewa na joto la ndoo.

Pakiti ile ya wiki kumi tuliyoanza nayo, kwa eli ya 1.048: kianzio cha lita 2, kianze siku tatu kabla. Ukiwa na usiku mmoja tu, kianzio kichanga kitakufikisha, ingawa bia itakuwa na matunda kidogo zaidi. Kwa bia ya ngano hilo linaweza hata kuwa jema.

Unapika laga: kianzio cha hatua mbili, au pakiti nyingi, au mashapo ya laga nyepesi iliyotangulia. Pakiti moja peke yake haifai hapa hata ikiwa mpya.

Unataka bia nzito ya 1.080 na kuendelea: pika kwanza bia ya 1.040 kwa hamira hiyo hiyo, uifurahie, kisha tumia mashapo yake. Sijaona kianzio kinachoshinda mpango huo kwa bia nzito, na unapata bia mbili. Kama huna nafasi ya ndoo mbili, rudi kwenye kianzio cha hatua mbili.

Unapika mara moja kwa miezi miwili: mashapo hayatakungoja. Kianzio kikubwa chenye akiba ya mililita 200 kitakungoja vizuri zaidi, nacho kitahitaji kukuzwa upya kila mara.

Hujui pakiti yako ilipita wapi kabla ya kukufikia: kianzio, hata kama tarehe ni nzuri.

Na ikitokea siku ya kupika kianzio kina harufu ya siki na maji ya kimea yamekwishapoa ndooni, usikitie kwa sababu ya haraka. Funga ndoo, iweke mahali pa baridi kadiri uwezavyo, na kabla ya saa 24 kupita tia pakiti ya hamira kavu. Mimi huiweka moja kwenye friji daima, nyuma kabisa, kwa ajili ya siku kama hiyo.